Julai Mosi Wananunua Magoli ya Jana

Tarehe 1 Julai 2024, saa tano asubuhi kwa saa za Nashville, dirisha la wachezaji huru wa NHL, ligi kuu ya hoki ya barafuni, lilifunguliwa, na kabla siku haijaisha timu yangu ilikuwa imeshusha majembe matatu. Steven Stamkos alimwaga wino kwa miaka 4 na dola milioni 32. Jonathan Marchessault, miaka 5 na dola milioni 27.5. Beki Brady Skjei, miaka 7 na dola milioni 49. Ukijumlisha unapata dola milioni 108.5 kwa watu watatu. Nilisimamisha gari pembeni ya barabara nikaisoma ile habari mara tatu. Nilifurahi kama mtoto siku ya Idi, na sioni haya kusema hivyo, kwa sababu sisi mashabiki wa Nashville Predators hatujazoea majina makubwa kutuchagua.

Miezi tisa baadaye msimu uliisha tukiwa nafasi ya 30 kati ya timu 32. Tulianza kwa kufungwa mechi tano mfululizo na hatukuinuka tena. Msimu uliotangulia, bila hao watatu, tulivuna pointi 99 na kuingia hatua ya mtoano. Pamoja nao tulivuna 68.

Timu ya hoki inawezaje kuongeza wafungaji wawili waliotoka kufunga magoli 82 kwa pamoja, ikapoteza pointi 31? Wenzangu wengi jukwaani wana jibu la haraka: bahati mbaya. Mimi nimelitafakari hili kwa muda mrefu na siamini kwamba ilikuwa bahati tu. Naamini dirisha la Julai lenyewe, kwa jinsi lilivyojengwa, linauza kitu ambacho kimeshatumika. Klabu inayoingia sokoni siku ile na mfuko wazi inalipia magoli ambayo mashabiki wa timu nyingine walishayashangilia.

Kwa msomaji aliyezoea usajili wa soka, soko hili lina mambo mawili ya kuelewa kwanza. La kwanza ni ukomo wa mishahara. Mwaka 2005, baada ya msimu mzima wa 2004-05 kufutwa kwa mgogoro kati ya wamiliki na wachezaji, ligi iliweka kiwango cha juu ambacho klabu yoyote inaweza kutumia kwa mishahara. Kilianza na dola milioni 39. Msimu wa 2024-25 kilikuwa milioni 88. Tajiri wa New York na mwenye klabu ya mji mdogo wanabanwa na kamba ileile. Hakuna ada ya uhamisho pia: huwezi kwenda kwa mpinzani na gunia la fedha ukamtoa mchezaji aliye ndani ya mkataba. Mnabadilishana wachezaji, au unasubiri mkataba wake uishe. Kwa hiyo kila dola unayompa mmoja umeikata kwa mwingine, na kosa la mkataba mmoja haliwezi kufunikwa kwa kuandika hundi nyingine.

La pili ndilo linaloniumiza kichwa zaidi. Chipukizi anapochaguliwa na klabu, kwenye zoezi ambalo klabu huchagua vijana kwa zamu, haki zake zinabaki kwa klabu hiyo mpaka afikishe miaka 27 au acheze misimu saba. Kabla ya hapo, hata mkataba ukiisha, klabu ina uwezo wa kumzuia. Sasa tazama maana yake. Mshambuliaji wa hoki hufikia kilele cha ufungaji katikati ya miaka ya ishirini. Miguu ndiyo kila kitu kwenye barafu, na miguu huanza kudai mapema. Sheria inamfungulia mchezaji mlango wa soko huria pale hasa anapoanza, au anapokaribia kuanza, kuteremka mlima. Wale wanaopanda wako ndani, wamefungiwa na klabu zao. Sokoni tarehe 1 Julai unawakuta wanaoteremka, na bei yao imewekwa kwa kuangalia walikuwa kilele cha juu kiasi gani.

Nirudi kwa watu wetu watatu.

Stamkos alifika Nashville akiwa na miaka 34, baada ya misimu 16 Tampa Bay, magoli 555 na makombe mawili ya Stanley, yaani ubingwa wa ligi, 2020 na 2021, akiwa nahodha. Msimu wake wa mwisho kule alifunga 40. Karibu nusu ya hayo aliyafunga wakati mpinzani akiwa na mchezaji nje kwa adhabu, Stamkos akiwa amesimama kwenye duara la kushoto akisubiri kisahani, kile kinachochezwa kama mpira kwenye hoki ya barafuni. Na nani alikuwa akimletea? Nikita Kucherov, ambaye msimu huohuo alitoa pasi 100 za magoli, idadi ambayo wachezaji wachache sana katika historia yote ya ligi wameifikia. Kumsajili Stamkos bila Kucherov ni sawa na kununua mlango bila bawaba zake. Alitufungia magoli 27 na kumaliza na pointi 53, yaani magoli na pasi za magoli kwa pamoja, na alicheza mechi zote 82. Hakudanganya mtu, hakujificha. Magoli 27 kwa mtu wa umri ule ni kazi ya heshima. Tatizo ni kwamba sisi tulilipia 40, na tulilipia duara la kushoto la Tampa ambalo halisafirishwi.

Kwa Marchessault dalili zilikuwa wazi zaidi, na hapa nalaumu mahesabu. Alikuwa mchezaji bora wa mtoano wa 2023 Vegas walipotwaa kombe, kisha akafunga magoli 42 msimu wa 2023-24. Lakini alikuwa na miaka 33, na kabla ya msimu ule hakuwahi kuvuka 30 maishani. Mchezaji anayeweka rekodi yake ya juu kabisa akiwa na umri huo, ukimwona, mpe mkono wa pongezi kisha usubiri msimu mwingine kabla ya kumpa miaka mitano. Vegas walimjua kuliko mtu yeyote, walikuwa naye tangu siku ya kwanza ya klabu yao mwaka 2017, na ndio waliosita kumpa mkataba mrefu. Hilo peke yake lilitakiwa kutufikirisha. Kwetu alifunga 21.

Skjei naye alitoka Carolina baada ya msimu bora wa maisha yake, magoli 13 na pointi 47 kwa beki. Miaka 30, mkataba wa miaka saba. Carolina wana mfumo wa kumbana mpinzani kila kona ya uwanja ambao umewapandisha thamani mabeki wengi. Siku ileile mwenzake wa pembeni, Brett Pesce, alisaini New Jersey. Carolina waliwaacha wote wawili waondoke. Klabu inayotengeneza mabeki kiwandani haiogopi kuwauza, na mnunuzi anapaswa kujiuliza kama amenunua mtu au amenunua kiwanda.

Kuna jambo jingine la majira yale ambalo halisemwi sana. Mwezi Mei, kabla ya sherehe za Julai, tulimrudisha beki Ryan McDonagh Tampa. Miguu yake haikuwa ya kijana, lakini alikuwa akili ya safu yetu ya ulinzi. Tukatoa mtulivu mmoja, tukaleta majina. Na katikati, kwenye nafasi ya mshambuliaji wa kati ambayo ndiyo uti wa mgongo wa timu yoyote ya hoki, hatukuongeza mtu. Ryan O'Reilly alibaki peke yake akibeba mzigo ule akiwa na miaka 33. Mawinga wawili wa kufunga, na hakuna mtu mpya wa kuwalisha. Nilipoanza kuliona hilo, Oktoba, kwenye mechi zile tano za mwanzo, furaha yangu ya Julai ilianza kunichoma.

Barry Trotz, meneja mkuu aliyefanya usajili ule, ni mtu ninayemheshimu. Ndiye kocha wa kwanza wa klabu hii, aliyeifundisha Nashville yote maana ya mchezo huu. Na mwaka mmoja kabla, 2023, alifanya usajili ambao hadi leo nautaja kwa fahari: O'Reilly huyohuyo kwa dola milioni 4.5 kwa mwaka, na Gustav Nyquist kwa zaidi kidogo ya milioni 3. O'Reilly akaleta pointi 69, Nyquist 75. Hakuna aliyesimamisha gari siku ile. Mikataba ya kawaida, bei ya kawaida, na ndiyo iliyotufikisha pointi 99, pamoja na magoli 48 ya Filip Forsberg, kijana tuliyemlea wenyewe. Tukaangalia mafanikio yale, tukahitimisha kwamba kilichokosekana ni nyota. (Nyquist naye, niseme ukweli, aliporomoka vibaya msimu uliofuata na akapelekwa Minnesota Machi 2025. Alikuwa na miaka 35. Umri haumwogopi mtu wa bei nafuu pia, ila ukimwangukia yeye unaumia kidogo.)

Halafu kuna Matt Duchene, ambaye kumbukumbu yake bado inauma. Tulimsajili 2019 kwa miaka 7 na dola milioni 56. Tarehe 30 Juni 2023 klabu iliuvunja mkataba wake kwa fidia, na sheria inataka fidia ya namna hiyo isambazwe kwa miaka maradufu ya ile iliyobaki. Ilibaki mitatu, kwa hiyo jina lake linakula nafasi kwenye hesabu zetu za mishahara kwa miaka sita, na msimu wa 2025-26 peke yake ni zaidi ya dola milioni 6. Kesho yake Dallas walimchukua kwa milioni 3. Msimu wa 2024-25, wakati sisi tunazama, Duchene alifunga magoli 30 na kumaliza na pointi 82 akiwa na jezi ya Dallas. Mshambuliaji wa kati. Kitu kilekile tulichokosa, tulikuwa tunakilipia akichezea timu nyingine.

Wanaotetea usajili wa 2024 wana hoja, na nitaipa haki yake. Nahodha Roman Josi aliumia na kukosa miezi ya mwisho. Mashuti mengi yaligonga mwamba mwanzoni mwa msimu, makipa wa wapinzani walikuwa na usiku wao wa maisha, na timu ikipoteza tano za kwanza hofu huingia hadi kwenye mikono. Nakubali vyote. Labda kwa bahati ya kawaida tungepata pointi 80. Bado ni pointi 19 chini ya kikosi cha wachezaji wa bei ya kawaida.

Na tusijifanye kwamba ni Nashville peke yake. Siku ninayoirejea kila mara ni tarehe 1 Julai 2016. Siku hiyo moja Edmonton walimpa Milan Lucic miaka 7 na dola milioni 42. Buffalo wakampa Kyle Okposo miaka 7 na milioni 42. Islanders wa New York wakampa Andrew Ladd miaka 7 na milioni 38.5. Vancouver, Loui Eriksson, miaka 6 na milioni 36. Detroit, Frans Nielsen, miaka 6 na milioni 31.5. Boston, David Backes, miaka 5 na milioni 30. Washambuliaji sita, dola milioni 220, na wawili tu kati yao, Lucic na Okposo, ndio walikuwa hawajafikisha miaka 30.

Wote sita walikuwa wachezaji wazuri, na hilo lazima lisemwe. Lucic alitakiwa kuwa mlinzi na mfungaji pembeni ya Connor McDavid, nyota wa Edmonton. Msimu wa kwanza alifunga 23, wa pili 10, na 2019 akapelekwa Calgary wakibadilishana na mkataba mwingine uliokuwa umeharibika. Ladd alihitaji Islanders waongeze haki za kuchagua chipukizi ili Arizona wakubali tu kumchukua. Yaani walitoa mali ili waondolewe mzigo. Backes aliondoka Boston namna hiyohiyo, na haki ya raundi ya kwanza juu yake. Wa Nielsen ulivunjwa kwa fidia 2021. Kati ya wale sita, ni Okposo peke yake aliyemaliza mkataba wake kwenye klabu iliyomsajili siku ile.

Kisa cha Eriksson nakijua kwa moyo. Alikuwa ametoka kufunga magoli 30 Boston, na Vancouver waliamini atang'ara pembeni ya mapacha Sedin, Wasweden wenzake. Mechi ya kwanza kabisa, dhidi ya Calgary, kipa wa Vancouver alikuwa ametoka langoni kumpisha mshambuliaji wa ziada kwa sababu mwamuzi alishaonyesha adhabu kwa mpinzani. Eriksson akarudisha kisahani nyuma bila kuangalia. Kikateleza barafuni, taratibu, uwanja mzima, mpaka ndani ya wavu wao wenyewe. Alimaliza msimu na magoli 11.

Mwaka 2021 Vancouver walimtoa Eriksson kwenda Arizona, na ili Arizona wamchukue yeye na mizigo mingine, Vancouver walitoa haki ya chaguo la 9 na kupokea, pamoja na winga Conor Garland, beki Oliver Ekman-Larsson mwenye mkataba mkubwa uliobaki miaka mingi. Kosa moja lilizaa jingine. Miaka miwili baadaye mkataba wa Ekman-Larsson nao ukavunjwa kwa fidia. Akabaki sokoni Julai 2023, beki ambaye klabu ililipa ili asiwepo.

Florida Panthers walimsajili kwa mwaka mmoja, dola milioni 2.25. Juni 2024 alinyanyua Kombe la Stanley.

Hapo ndipo ninapotaka msomaji akae nami kwa muda. Panthers walitwaa ubingwa 2024 kwa mechi saba dhidi ya Edmonton na 2025 kwa mechi sita dhidi ya Edmonton haohao, na ukipekua jinsi kikosi kile kilivyokusanywa unakuta majina ambayo siku yaliposajiliwa hakuna mtu aliyeshangilia. Carter Verhaeghe, ambaye Tampa waliamua kutobaki na haki zake mwaka 2020, alichukuliwa kwa miaka miwili ya dola milioni 1 kila mmoja. Ndiye aliyefunga goli la kwanza la mechi ya saba 2024, ile iliyoisha 2-1. Gustav Forsling, ambaye leo ni mmoja wa mabeki bora wa ulinzi duniani, aliokotwa bure Januari 2021 Carolina walipomweka kwenye orodha ya wanaoweza kuchukuliwa na yeyote. Evan Rodrigues, milioni 3 kwa mwaka. Niko Mikkola, milioni 2.5. Nate Schmidt, aliyevunjiwa mkataba Winnipeg, alikuja kwa dola 800,000 majira ya 2024, na Juni 2025 alikuwa bingwa.

Bill Zito, meneja mkuu wao, anatafuta mchezaji ambaye msimu wake wa mwisho unamdanganyia vibaya. Sisi tulinunua wachezaji ambao msimu wao wa mwisho uliwadanganyia vizuri. Marchessault wa magoli 42 na Ekman-Larsson aliyevunjiwa mkataba walikuwa wote wawili mbali na kiwango chao halisi, mmoja juu, mwingine chini, na soko lilipanga bei kana kwamba hali ile itadumu. Florida walinunua upande wa chini.

Kila nikiandika hivi kuna mtu ananijibu kwa neno moja: kodi. Florida hakuna kodi ya mapato ya jimbo, kwa hiyo mchezaji anakubali mshahara mdogo na bado anabaki na fedha nyingi mfukoni. Ni kweli haina, na ni kweli inasaidia mezani. Lakini Tennessee pia haina. Nashville tuna faida ileile ya kodi, jua la kutosha, na mji ambao wachezaji wanapenda kuishi. Sisi tulimaliza wa 30.

Hoja nzito dhidi yangu ni Sergei Bobrovsky, na sitaikwepa. Tarehe 1 Julai 2019 Florida walimpa kipa huyo, mwenye miaka 30, miaka saba na dola milioni 70. Kwa miaka kadhaa ule ulitajwa kama mkataba mbaya kuliko yote ligini, nami nilikuwa miongoni mwa waliousema hivyo kwa sauti kubwa. Mtoano wa 2023 ulipoanza alikuwa akisugua benchi, Alex Lyon akiwa langoni. Kisha akaingia, Florida wakafika fainali mwaka ule, na miwili iliyofuata wakalibeba kombe akiwa langoni. Nilikosea kuhusu Bobrovsky. Ila ukimtazama yeye, na beki Zdeno Chara aliyesaini Boston 2006 akiwa na miaka 29 na kuwapa kombe 2011, unaona kwamba mikataba mikubwa ya Julai iliyolipa kwa makombe mara nyingi ni ya makipa na mabeki wakubwa. Miili yao huzeeka kwa kalenda nyingine. Kipa anaishi kwa kusoma mchezo, na Chara alikuwa na mikono ambayo hakuna umri ungeifupisha. Mfungaji anaishi kwa nusu hatua, na nusu hatua ndiyo ya kwanza kuondoka.

Majira ya 2025 yalibadilisha sauti ya soko. Ukomo uliruka hadi dola milioni 95.5, na ligi ikatangaza mapema makadirio ya milioni 104 kwa 2026-27 na 113.5 kwa 2027-28. Klabu zikawa na nafasi ya kubaki na watu wao, kwa hiyo sokoni likabaki jina moja kubwa kweli, Mitch Marner, naye hakufika sokoni: Toronto walimsainisha miaka 8 ya dola milioni 12 kila mmoja na papo hapo kumpeleka Vegas, wakipata Nicolas Roy. Nimeona hasira za watu wa Toronto na nazielewa, mji ule haujaliona kombe tangu 1967, na mechi ya saba ya mwisho ya Marner pale nyumbani iliisha 6-1 kwa Florida. Lakini kama usajili, wa Vegas naupenda. Miaka 28, mtoaji pasi kabla ya kuwa mfungaji, na macho hayachakai haraka kama miguu.

Florida, kwa upande wao, waliwabakisha Sam Bennett kwa milioni 64, Aaron Ekblad kwa takriban milioni 49, na Brad Marchand, mwenye miaka 37, kwa miaka sita. Marchand atakuwa na 43 mkataba ule ukiisha. Miaka ya mwisho ya mkataba ule itauma, sina shaka. Hata hivyo kuna tofauti kati ya kumlipa mtu uliyemwona kila siku mazoezini, unayejua magoli yake yanatoka kwa pasi ya nani, na kumlipa mgeni kwa kusoma takwimu zake.

Wapo wanaosema ukomo ukipanda hivi makosa yote yatasahaulika, kwa sababu milioni 8 ya leo ni sehemu ndogo ya milioni 113. Waulizeni watu wa Minnesota. Tarehe 4 Julai 2012 waliwasaini Zach Parise na Ryan Suter, miaka 13 na dola milioni 98 kila mmoja. Walipoivunja mikataba yote miwili mwaka 2021, walibebeshwa mzigo uliofikia dola milioni 14.7 kwa msimu mmoja, fedha za wachezaji wawili nyota, kwa watu waliokuwa wakicheza kwingine. Ukomo ulipanda katika miaka hiyo pia. Mkataba mpya kati ya ligi na wachezaji, utakaoanza kutumika Septemba 2026, unapunguza urefu wa juu hadi miaka saba kwa mchezaji wako na sita kwa wa nje. Huo mwaka mmoja mmoja utawaokoa mameneja wengi kutoka mikononi mwao wenyewe.

Kwa Nashville, ningependa Julai zijazo ziwe za kimya. Ningependa kusoma, tarehe 6 au 7, kwamba tumemchukua beki aliyevunjiwa mkataba kwa milioni moja na nusu, au winga wa miaka 26 ambaye klabu yake imeachia haki zake, mtu ambaye itabidi nimtafute kwenye mtandao nijue anacheza mkono gani. Na ningependa mshambuliaji wa kati, aliyelelewa hapa au aliyepatikana kwa kubadilishana, hata kama itatugharimu chipukizi tunayempenda.

Mkataba wa Stamkos unaisha 2028, atakapokuwa na miaka 38. Bado namshangilia kila anaposimama. Mtu mwenye jicho akimlaza kisahani pale kwenye duara la kushoto, bado unausikia mlio wa gongo kabla hujaona wavu ukitikisika.